Concy Acayo na Kadi za Barabara ya Jinja

Mtu wa kwanza niliyemwona Concy Acayo akimpiga alikuwa koplo mzima, na kofia yake na mkanda wake wa serikali. Nilikuwa nimeingia kambi ya polisi kuuza vitenge, kazi yangu ya siku zile, mara nikasikia vyombo vinarushwa nje ya kibanda cha bati. Mume wake, Sajenti Ongom, alikuwa amepigwa risasi pamoja na lori zima la askari kwenye njia ya Kitgum, na mjane wa polisi, matanga yakiisha, hutakiwa aache nyumba kwa askari mwingine. Koplo alikuja na vijana wawili kumhamisha. Alimkuta jikoni anasonga kalo, ugali wa wimbi.

Concy hakupiga kelele. Aliuchomoa mwiko kutoka kwenye chungu, kalo ikiwa bado imenata, akamchapa nao koplo mdomoni, akarudia, na jino likaanguka juu ya godoro lililokuwa tayari uani. Vijana wawili wakakumbuka kwamba wana kazi kwingine. Koplo hakushtaki popote, maana mwanamume gani ataandika kwamba ameng'olewa jino na mjane mwenye mwiko? Concy akarudisha godoro ndani, akamalizia kalo yake, akanikaribisha. Nikala, na tangu siku hiyo nikampenda. Mimi ni Exaucée, mtu wa Butembo, nimekimbia vita viwili kabla sijafika Kampala, na mwanamke asiyekimbia ni kitu ninachokiangalia mara mbili.

Baadaye alinieleza ukali wake ulikotoka. Mwaka wa themanini na sita, jeshi la zamani liliposhindwa, baba yake alikuwa mmoja wa wanajeshi walioshindwa. Alivua magwanda, akachukua mke na watoto, wakaelekea kaskazini kwa miguu. Njiani vizuizi vilikuwa vingi, gogo limelazwa barabarani na vijana wenye bunduki wamekaa pembeni, na hakuna aliyejua kijana yupi ni wa upande gani. Swali lilikuwa moja tu: kipande kiko wapi? Mama yake alikuwa na kadi ya kliniki ya watoto yenye muhuri. Kwenye kizuizi kimoja aliinyanyua juu ya kichwa, na kijana asiyejua kusoma akautazama muhuri, akawapitisha. Baba hakuwa na kitu. Walimpeleka nyuma ya majani, na Concy, binti wa miaka kumi na miwili, akasikia mlio wa risasi akiwa bado ameshika sketi ya mama yake.

Si yeye peke yake. Mtu yeyote wa Kampala mwenye mvi amepita kwenye vizuizi vya namna hiyo. Waliobaki hai walibaki na somo moja: karatasi ikiwa na muhuri, inyanyue, hata kama hujui inasema nini. Somo hilo halikuwatoka hata amani ilipokuja, na hapo ndipo ubaya wote ninaotaka kuueleza ulipoanzia.

Miaka ikapita. Concy akawa anauza uji kwa askari, na hakuna aliyethubutu tena kumwambia habari ya kuhama. Kisha ikaja kampuni moja ya wapimaji. Serikali ilikuwa na mpango wa njia za mabasi, na kampuni ilipewa kazi ya kupima jinsi watu wanavyoingia mjini siku za kazi: wangapi kwa takisi, wangapi kwa pikipiki, wangapi kwa miguu, wanatoka wapi na wanapita wapi. Walitaka watu wanaoweza kusema na kila mtu. Concy alikuwa na Kiacholi, Kiganda na Kiswahili cha kambini. Mimi nilikuwa na Kiswahili, Kifaransa na ulimi usiochoka. Tukachukuliwa wote wawili.

Magari yalihesabiwa kwa macho. Waenda kwa miguu walikuwa na utaratibu wao. Concy alisimama Banda, kwenye barabara ya Jinja, chini ya kilima cha Kyambogo, tangu alfajiri, amevaa jaketi la kung'aa lisilo na mikono. Kila mwenda kwa miguu aliyekubali alipewa kadi ndogo ya kijani yenye namba na muhuri wa kampuni. Mimi nilikuwa Lugogo, kwenye mlango wa mji, nimevaa jaketi kama lake, na kazi yangu ilikuwa kuzipokea. Kadi iliyotoka Banda ikifika kwangu, injinia anajua mwenye kadi ametembea muda gani na amefuata njia ipi. Kati ya Banda na Lugogo mtu anaweza kupotelea kwenye vichochoro, reli, soko la Nakawa. Kwa hiyo Concy alimwambia kila mmoja maneno yale yale, kwa sauti ya mama anayemtuma mtoto dukani: hii usiipoteze, usimpe mtu yeyote, mpe mwenye jaketi tu.

Polisi walitupatia askari mmoja wa kutulinda, naye akawa Ochola. Alikuwa rafiki wa marehemu Ongom, walipita mafunzo pamoja, na alimwita Concy shemeji. Aliketi naye Banda siku zote za kazi, bunduki mapajani, akila karanga alizoleta Concy na kumtania kwamba kama yeye Concy angekuwa mkuu wa polisi, wezi wote wangehamia Nairobi. Alizijua zile kadi. Aliwahi hata kuzigawa mwenyewe, Concy alipokwenda kujisaidia.

Kati ya waliopita kila asubuhi alikuwepo mzee Dawudi, fundi wa matofali kutoka Kireka, mtu mrefu mwenye mwiko wa chuma mfukoni na suruali iliyopakaa saruji. Alitembea kila siku kwenda mjini kujenga na kurudi. Kadi aliipenda. Aliishika kwa vidole viwili, kwa mkono wake mkubwa, na akifika kwangu aliitoa kwa heshima kama anayetoa sadaka. "Nimefika salama, mama," alikuwa akiniambia. Nilimzoea.

Mwaka huo bei ya petroli ilipanda, na unga ukapanda nayo. Wapinzani wakatangaza: Jumatatu na Alhamisi, watu waende kazini kwa miguu, serikali ione hasira yao. Serikali ikasema hiyo si kutembea, ni maandamano. Fikiria ujinga huo. Nusu ya Kampala hutembea kila siku ya Mungu kwa sababu haina nauli, na sasa kuna Alhamisi ambayo mguu umekuwa kosa. Nilimwambia injinia asimamishe kazi. Alisema watafunga siku ile ikiwa hali itachafuka. Lakini kuchafuka kwa hali hakungoji mtu afunge ofisi.

Asubuhi ya Alhamisi ile waenda kwa miguu walikuwa wengi kuliko siku zote, wapinzani na wasio wapinzani, na Concy akagawa kadi mpaka mikono ikachoka. Kisha simu ya Ochola ikalia. Akasimama, akafunga mkanda.

"Shemeji, funga kazi," akamwambia. "Naitwa kule Lugogo. Wamesema kila mutu anatembea kwa kikundi ni mugomaji."

"Na mutu hana pesa ya takisi afanye nini?" Concy akamuuliza. "Aruke?"

"Mimi sijui. Wewe funga tu."

Gari la polisi likamchukua. Concy akaanza kukusanya vitu vyake bila haraka, maana hakuona uhusiano wa jambo hilo na kadi.

Uhusiano niliuona mimi, huku Lugogo. Askari wa kofia za chuma walijipanga barabarani mbele yangu, mgongo wao ukiwa kwangu, na uso wao ukiwaelekea watu wanaotoka Nakawa. Watu wa kwanza walipofika na kuona ngao na marungu, walifanya kile ambacho mama yake Concy alikifanya mwaka ule. Waliingiza mikono mifukoni, wakatoa zile kadi, wakazinyanyua juu. Walioanza walikuwa wazee. Vijana wakaiga. Basi ukawa msitu wa mikono yenye kadi za kijani, rangi moja, ukubwa mmoja, na watu wanasogea mbele kwa imani, kwa sababu wana karatasi yenye muhuri na walioitoa wamewaambia ni muhimu.

Kamanda aliona kikosi. Mtu yeyote asiyejua angeona kikosi.

Nilimkimbilia. "Afande," nikasema, "kadi hizo ni za kupima njia, ni kazi ya serikali, angalia, mimi ndiye mwenye kuzipokea." Sikumaliza. Askari mmoja alinigonga sikioni kwa rungu, akaniambia Mkongomani anyamaze. Sikio hilo mpaka leo linalia ninapolala. Nikavua jaketi, nikaketi juu ya sanduku la kadi kando ya mtaro, nikajifanya muuza karanga, na damu inanitiririka shingoni. Sikuwa na la kufanya zaidi, na wanaosema wangefanya zaidi hawajapigwa sikioni.

Wakafyatua mabomu ya machozi, kisha wakaingia kwa marungu. Watu wa mbele walipigwa wakiwa wameinua mikono. Wengi walikimbilia nyuma, Nakawa, wakagongana na wengine waliokuwa wanakuja na kadi zao.

Dereva wa bodaboda, Marjan, Mnubi wa Bombo, ndiye aliyemfikishia Concy habari kule Banda. "Mama, huko mbele iko moto," akamwambia. "Wanapiga kila mutu ako na karatasi ya kijani."

Concy aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipouona uhusiano. Kila kadi ya kijani iliyokuwa barabarani ilitoka mkononi mwake. Aliruka nyuma ya pikipiki.

"Kwanza vua hiyo jaketi," Marjan akasema. "Watanipiga na mimi."

Akavua, akalifunga kiunoni ndani ya kitenge, wakaondoka. Njia nzima, kila penye kundi la watu, alishuka akiwa anadai kadi. Wengine walimpa. Wengine waliuliza yeye ni nani. Hao aliwanyang'anya. Kijana mmoja aliyeificha ndani ya shati, Concy alimrarua shati hilo, akamlamba kofi, akaichukua kadi, akamwambia apite njia ya reli. Kijana yule alimtukana mpaka kwa mama yake mzazi. Leo yupo hai, na meno yake yote.

Karibu na Lugogo moshi ulikuwa mzito na Marjan akakataa kwenda mbele. Concy akaendelea kwa miguu, amejiziba pua kwa pindo la kitenge. Barabarani kulikuwa na ndala, vikapu vilivyopasuka, nyanya zilizokanyagwa na mtu mmoja aliyelala kifudifudi akikohoa. Mbele kabisa, mita chache kutoka kwenye ngao, kundi dogo lilikuwa limejibanza kwenye ukuta wa jengo, haliwezi kwenda mbele wala kurudi. Dawudi alikuwa nao. Yeye peke yake alikuwa bado ameinua mkono.

"Mzee, nipe hiyo kadi," Concy akamwambia.

Dawudi alimtazama kwa macho yaliyojaa machozi ya moshi. "Hapana, mama. Niriambiwa sipe mutu. Napereka kwa mwenye jaketi."

"Ni mimi niliyekupa."

"Yule alikuwa na jaketi."

Hakuwa mkaidi, ndiyo kitu kinachoniuma. Alikuwa anatii. Wengine pale walimfuata yeye kwa sababu ndiye mzee, nao wakazishika kadi zao. Concy angeweza kumrarua kama alivyomrarua yule kijana, lakini walikuwa watu kadhaa, na ngao zilikuwa zinasogea. Basi akafungua kitenge, akalitoa jaketi, akalivaa, mbele ya kikosi kizima cha askari wanaotaka kujua wenye kadi walitumwa na nani.

Nilimwona kupitia kati ya migongo ya askari. Niliita, "Weye Concy, utakufa bure," lakini kwa moshi ule hakusikia. Watu wa ukutani wakampa kadi zao mmoja mmoja. Dawudi alikuwa wa mwisho. Alikuwa anaunyosha mkono kumpa, kwa vidole viwili kama kawaida, askari walipofika.

Mmoja alimpiga kichwani. Ulikuwa mpigo mmoja, na nilisikia sauti yake pale nilipoketi, sauti kavu. Dawudi aliketi chini, halafu akalala upande. Chini ya kofia za chuma askari wote ni sawa, sikujua ni yupi.

Concy alibaki amesimama na bunda la kadi mikononi. Kamanda akaja.

"Ndiyo huyu anagawa," akasema. Kisha akageuka. "Ochola. Si wewe ulikuwa Banda? Unamujua huyu mwanamuke?"

Hapo nilisimama. Nilidhani tumepona. Kulikuwa na mtu mmoja tu barabarani ambaye angeaminiwa, na mtu huyo alikuwa amekula karanga za Concy siku zote za kazi, alizijua kadi, alizigawa kwa mikono yake. Neno moja lingetosha. Ochola alimtazama shemeji yake, akamtazama kamanda.

"Hapana, afande," akasema. "Mimi nilikuwa naangalia magari."

"Basi piga."

Akapiga. Alimpiga mkono wa kulia, juu ya kiwiko, mara mbili, na kadi zikatawanyika. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Concy hakupiga magoti. Alimtemea mate kwenye ngao, akamtaja mama yake Ochola kwa jina, na ndipo wengine wakamwangusha na kumburuta hadi kwenye gari. Nilimchukia Ochola kwa moyo wangu wote, na nilipokuwa nalikimbilia gari nikiwa namchukia hivyo, nilikanyaga damu ya Dawudi bila kujua.

Walimwachia jioni ya siku ya pili, baada ya injinia kwenda na barua za wizara. Mkono ulikuwa umevunjika pawili. Injinia alilipia plasta na akalia mbele yetu. Sina ugomvi naye. Mzee Dawudi alifia hospitalini bila kuzinduka. Redio ilisema mfuasi mmoja wa upinzani ameanguka wakati wa vurugu.

Ochola alikuja kibandani siku ya tatu, mchana, na nyama kwenye mfuko wa plastiki. Nilikuwepo nampikia Concy, kwa kuwa mkono mmoja hausongi kalo. Alisimama mlangoni, ameshika kofia. Hakuna aliyemkaribisha.

"Shemeji," akasema, "mimi napiga mukono ndiyo wengine wasipige kichwa. Ningesema nakujua, tungelala sisi wote chini."

Nilifungua kinywa nimjibu. Concy alinizuia kwa macho.

"Na yule mzee?" akauliza.

"Ilikuwa amri."

"Siulizi amri. Nauliza yule mzee, wewe nampiga wapi?"

Ochola aliigeuza ile kofia mikononi. Nje mtoto alikuwa analia, na mama yake anamwita aje kuoga.

"Kichwa," akasema.

Sikuwa nimejua. Concy alikuwa amejua. Alikuwa karibu Dawudi alipopigwa. Alisukuma sufuria ya kalo mbali na mlango kwa mguu wake. Kwao Acholi, mwenye damu ya mtu hali chungu kimoja na watu mpaka akiri mbele ya jamaa wa aliyeuawa. Akikaa kimya, damu ile huwafuata watu wake wote, watoto kwa wazee. Ochola ni Mluo, asili moja na Waacholi, alilijua hilo bila kuambiwa.

"Kesho wanamaliza matanga Kireka," Concy akasema. "Utakuja na nguo ya raia. Utasema kama ulivyosema sasa. Mimi nitasimama karibu na wewe."

Akasema atakuja. Akaacha nyama, na Concy akaitupia mbwa.

Kesho yake tulimngoja kwenye geti la kambi mpaka jua likawa kali. Mke wake ndiye aliyekuja kutuambia: ameomba uhamisho, amepelekwa Karamoja, ameondoka na gari la alfajiri. Mimi nilimwambia Concy turudi nyumbani. Ukweli ni kwamba niliogopa. Dawudi alikuwa na watoto wa kiume wanne, wote wajenzi, na msibani hakuna anayepima mkono wake.

Concy akashika njia ya Kireka. Nikamfuata huku nikimlaani.

Uani kwa Dawudi palijaa watu. Tulipoingia wakageuka kuitazama plasta. Concy aliuliza mjane ni nani, wakamwonyesha mama mmoja mnene aliyevaa gomesi nyeusi, lile gauni refu la Kiganda, amekaa kwenye mkeka. Akaenda akapiga magoti mbele yake, kama wanawake wa Buganda wanavyofanya, yeye ambaye hakuwahi kumpigia mtu magoti.

"Mama," akasema kwa Kiganda, na mimi nikaelewa, "mzee wako hakuanguka. Alipigwa kichwani na askari wa kambi yetu, jina lake Ochola. Amekimbia, kwa hiyo nimekuja kusema badala yake, kwa sababu ni mtu wa nyumba yangu."

"Na wewe ni nani?" mjane akauliza.

"Mimi ndiye niliyempa kadi."

Mjane alimpiga kofi. Nilifumba macho, maana nilimjua Concy, na mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Kofi la pili likaja, la tatu, mama wa watu analia na kupiga, kwenye shavu, kwenye bega, kwenye ile plasta. Wale wana wanne wa Dawudi walikuwa wamesimama. Nilipofumbua macho Concy alikuwa bado amepiga magoti pale pale, mkono wa kushoto umelala mapajani, kiganja juu. Hakuunyanyua hata kujikinga uso. Mjane akampiga mpaka akachoka, halafu akamwegemea, na wakabaki hivyo wote wawili juu ya mkeka mpaka watu wakaanza kuleta maji.